Zimwi halikuacha jino: mwongozo kamili wa kumwonyesha mtoto jinsi tunavyojua dinosaria waliishi

Mpwa wangu ana miaka saba. Siku moja ya likizo ya Agosti alikuwa ameketi barazani kwa nyanya yake, Kibokoni, akipekua kitabu cha picha. Akaniuliza: "Mjomba, hawa dinosaria nani aliwaona?" Nikamwambia hakuna mtu aliyewaona, walikwisha kabla hajazaliwa binadamu yeyote. Akafunga kitabu. "Basi ni kama zimwi la nyanya."

Nilikosa jibu la haraka, na nashukuru nililikosa. Jibu lililokuwa mdomoni, "wanasayansi wamesema", kwa mtoto halina tofauti na "nyanya kasema". Yeye alikuwa anauliza swali kubwa zaidi: wajuaje? Tangu siku hiyo nimezipitia hatua hizi pamoja naye, kisha na wenzake wa mtaani. Zote zafanyika hapa hapa Mombasa, kwa vitu vya jikoni, mchanga wa pwani na shilingi chache. Ninachotaka mtoto akishike ni hiki: zimwi halikuacha jino, wala unyayo, wala yai. Dinosaria waliviacha vyote vitatu, na alama hizo zina namna ya kusomwa.

Umri unaofaa ni miaka sita hadi kumi na miwili. Usiharakishe. Sisi tulitumia Jumamosi nne, na baadhi ya majaribio yalihitaji siku kadhaa katikati. Andaa plasta ya Paris kilo mbili, chupa moja ya siki nyeupe, sponji mbili za kuoshea vyombo, nusu kilo ya chumvi, chupa mbili kubwa za plastiki, futi ya kupimia, sarafu 32 za shilingi moja (zile mpya zenye picha ya twiga), daftari, na kuku mmoja mzima. Kuku huyo ataliwa kama kawaida. Sisi tunataka miguu na mifupa yake.

Hatua ya kwanza: soma nyayo kabla ya kusoma kitabu

Nendeni pwani maji yakiwa yamekupwa. Siku za bamvua ndizo bora, kwa sababu bahari hurudi mbali na mchanga mwingi hubaki wazi. Kama hujui saa za maji, muulize mvuvi yeyote. Tafuta mchanga mbichi ulioshikana, karibu na ukingo wa maji, kwani ule mkavu wa juu hauhifadhi alama.

Mwambie mtoto ageuke, afumbe macho. Mtu mmoja atembee kawaida, mwingine akimbie, wa tatu atembee amebeba mtungi wa maji wa lita 20. Kisha mwite mtoto, umuulize: nani alipita hapa, na alikuwa anafanya nini? Usimsaidie. Mpwa wangu alikaa kimya muda mrefu, amechutama, halafu akaanza kuonyesha kwa kidole. Huyu alikimbia, kwa sababu vidole vimezama na kisigino hakionekani. Huyu alibeba kitu kizito, kwa sababu nyayo zake zimezama kote na ziko karibu karibu. Kisha akasimama penye alama zangu mwenyewe: "Na wewe ulisimama hapa, ukageuka kutuangalia." Kweli niligeuka. Mchanga ulikuwa umejikunja kando ya unyayo kama kitambaa kilichosokotwa.

Hapo ndipo pa kumwambia: hukuniona nikigeuka, na bado umejua.

Sasa toeni futi. Pimeni urefu wa unyayo mmoja, kisha umbali kutoka unyayo wa kulia hadi unyayo wa kulia unaofuata. Rudieni kwa aliyekimbia. Mtoto ataona mwenyewe kwamba umbali ule hurefuka mwendo ukizidi. Mwaka 1976 mwanasayansi Mwingereza, R. McNeill Alexander, alitumia jambo hili hili kukadiria mwendo wa dinosaria. Kwa dinosaria, urefu wa mguu hadi nyonga hukadiriwa kuwa kama mara nne ya urefu wa unyayo. Ukishajua urefu wa mguu na ule umbali kati ya nyayo, unaweza kukadiria kama mnyama alitembea taratibu au alitimua mbio, hata kama amekufa miaka milioni 100 iliyopita.

Jambo jingine ambalo watoto hulipenda: kenge akipita kwenye mchanga huacha mstari wa mkia katikati ya nyayo zake. Nyayo za dinosaria zilizogeuka mawe ni nyingi sana duniani, na mstari wa mkia ni nadra kuonekana. Kwa hiyo mkia waliubeba juu. Michoro ya zamani iliyowaonyesha wakiuburura ilikosea, na nyayo ndizo zilizoisahihisha.

Malizeni kwa kuchukua nakala ya unyayo mmoja. Chagueni ulio safi, mzungushie ukuta wa kadibodi, kisha koroga plasta, vikombe viwili vya unga kwa kimoja cha maji, hadi iwe kama uji mzito. Imimine taratibu, isubiri kama dakika 40. Plasta hupata moto inapoganda, kwa hiyo mtoto asiingize mkono ndani yake. Wala usioshee ndoo kwenye sinki, maana itaziba bomba. Ikishakauka, ifukue na mchanga wake, uupanguse nyumbani kwa mswaki mkuukuu. Nyuma yake mtoto aandike mahali na tarehe. Hili si pambo. Mfupa usiojulikana ulitoka wapi hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake kwa mwanasayansi, kwa sababu jiwe lililouzunguka ndilo lenye habari za umri na mazingira.

Hatua ya pili: vinywa vya samaki

Asubuhi moja nendeni soko la samaki. Omba ruhusa kwa muuzaji, kisha mfunulie mtoto midomo mitatu. Nguru ana meno makali yaliyopangika kama msumeno: huyu hukata samaki wenzake. Pono ana mdomo kama wa kasuku, meno yameungana: huyu hukwangua matumbawe. Tafi ana mdomo mdogo na vijino vidogo vidogo vya kudokolea majani ya baharini. Baada ya samaki watatu, mwonyeshe wa nne usimtaje jina, umwache aseme anakula nini. Atapatia mara nyingi kuliko unavyotarajia.

Kuna kisa cha kweli cha kumsimulia hapo hapo, mbele ya mbao za wauzaji. Zamani Ulaya watu walikuwa wakiokota mawe ya pembetatu milimani, wakayaita ndimi za mawe. Wengine waliamini yameanguka kutoka mbinguni. Mwaka 1666 tabibu aitwaye Nicolas Steno, aliyekuwa akiishi Florence, aliletewa kichwa cha papa mkubwa akipasue. Alipoyatazama meno yake akaona ni zile zile ndimi za mawe. Yalikuwa meno ya papa wa kale. Swali likabaki: meno ya papa yamefikaje mlimani, na yamekuwaje jiwe? Swali hilo ndilo litakalotupeleka hatua zinazofuata.

Meno ya dinosaria husomwa vivyo hivyo. Yale ya Tyrannosaurus, mla nyama, ni manene, yamechongoka, na kingo zake zina vijimeno kama kisu cha mkate. Ya Giraffatitan, tutakayemtembelea mbele, yana umbo la patasi, ya kuchumia majani.

Hatua ya tatu: mfupa unavyogeuka jiwe

Hapa watoto wengi, na wakubwa pia, hushindwa kuelewa, basi usipite mbio.

Chukua mfupa mmoja wa paja la kuku, uusafishe, uutie ndani ya siki. Badilisha siki kila siku. Baada ya siku nne au tano mfupa utapinda bila kuvunjika, laini kama mpira. Siki imeyeyusha madini, imebaki ile sehemu laini. Kwa hiyo mfupa una vitu viwili: madini magumu na nyama nyama inayoyashikilia. Ardhini hutokea kinyume. Sehemu laini ndiyo inayooza, madini hubaki, na ndani yake kunakuwa na vijitundu visivyohesabika.

Sasa sponji. Kata zote mbili ziwe na umbo la mfupa. Toboa matundu chini ya chupa mbili za plastiki, zijaze mchanga, na uzike sponji moja katika kila chupa. Kila asubuhi, kwa wiki nzima, mtoto amimine kikombe cha maji ya moto kiasi yaliyokorogwa chumvi hadi chumvi ikatae kuyeyuka. Chupa ya pili apate maji matupu. Wiki ikiisha, acha zikauke juani siku mbili au tatu, kisha zifukueni. Sponji ya maji matupu itakuwa sponji. Ile nyingine itakuwa nzito na ngumu, chumvi imejaa kila kitundu, na umbo la mfupa limebaki vile vile. Ardhini kazi hiyo hufanywa na maji yenye madini, polepole, kwa maelfu na maelfu ya miaka. Mabaki ya namna hiyo, pamoja na nyayo na mayai yaliyohifadhika maweni, huitwa visukuku.

Mtoto atauliza: mbona basi ardhi yote haijajaa mifupa ya mawe? Mpeleke atazame kuku aliyekufa kando ya njia. Kunguru wetu wa Mombasa hawampi hata saa moja. Wakiondoka kunguru huja siafu, kisha jua na mvua. Ili mfupa uwe kisukuku, sharti ufunikwe haraka, na tope la mto, mchanga au majivu ya volkano, kabla ya walaji kufika. Wengi mno hawakupata bahati hiyo. Tunaowajua ni wale wachache waliozikwa mapema.

Hatua ya nne: ukuta wa Ngome ya Yesu, na tope la Changamwe

Watu hudhani visukuku ni vitu vya makumbusho ya mbali. Mtoto wa Mombasa anavipita kila siku akienda chuoni.

Fort Jesus ilijengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596, juu ya mwamba wa matumbawe na kwa mawe ya matumbawe. Nenda asubuhi au jioni, jua likiwa limeinama, kwa sababu mwanga wa pembeni huonyesha vizuri mikunjo ya jiwe. Mwambie mtoto atazame mwamba ulio chini ya kuta, atafute vinyota, mistari inayozunguka kama ubongo, na vipande vya simbi na chaza. Anatazama wanyama wa baharini waliokufa zaidi ya miaka 100,000 iliyopita. Ni mahali pa urithi wa dunia tangu 2011, kwa hiyo ni kutazama na kuchora daftarini tu. Asikwangue hata kidogo. Kama ataka kujaribu siki, chukua kokoto ya matumbawe iliyotupwa kwenye ujenzi, uidondoshee siki nyumbani: itatoa mapovu, kama ganda la chaza linavyotoa.

Kisha muulize: matumbawe huishi wapi? Baharini. Basi haya yamefikaje juu ya maji? Mwache afikiri. Mpwa wangu alisema bahari ilikuwa juu zaidi zamani, na hakukosea.

Lakini kilichonisisimua mimi mwenyewe kiko upande wa bara. Kuelekea Changamwe na Port Reitz, chini ya nyumba na barabara, kuna tabaka za tope gumu lililogeuka jiwe laini, na ndani yake hupatikana amonaiti. Hawa walikuwa jamaa wa pweza na ngisi, wenye ganda lililojiviringa kama pembe ya kondoo dume. Wataalamu wa Ulaya waliandika habari za amonaiti wa Mombasa tangu karne ya 19. Waliishi zama za Jurasi, zama za dinosaria wenyewe. Na ukiendelea hadi Mazeras, yale mawe bapa yanayochimbwa huko na kubandikwa kwenye kuta na sakafu za nyumba zetu ni mchanga wa kale zaidi ya tope la Changamwe, na katika mawe ya mchanga ya huko kuna miti iliyogeuka jiwe.

"Basi tukachimbe dinosaria Changamwe!" Hapo ndipo penye somo. Tope lile lilikuwa sakafu ya bahari. Dinosaria waliishi nchi kavu, na hutafuti nyayo za mbuzi katikati ya kilindi. Anayetafuta mifupa yao huanza kwa kutafuta mawe ya umri unaofaa, yaliyotokana na mito, maziwa au pwani za kale. Ndiyo sababu hapa Kenya mifupa ya dinosaria imepatikana Turkana, katika mawe ya mchanga ya milima ya Lapurr. Kwetu yamebaki makombe ya bahari yao.

Hatua ya tano: umri

Weka magazeti ya wiki nzima chini ya kitanda, kila siku juu ya jana. Siku ya saba chomoa moja la katikati ukiwa umeficha tarehe, umuulize mtoto ni la siku gani. Atahesabu kutoka juu. Tabaka za mawe husomwa hivyo, la chini limetangulia. Ni Steno yule yule wa meno ya papa aliyeiandika kanuni hii, mwaka 1669.

Hiyo inakupa nani alitangulia, bado haikupi miaka mingapi. Kwa miaka tunahitaji sarafu.

Tia sarafu 32 koponi, tikisa, mwaga mezani. Zote zilizoonyesha twiga ziondoe. Zitabaki kama nusu, 15 au 17 au hapo karibu. Zilizobaki zirudishe, tikisa tena, ondoa twiga tena. Mtoto aandike hesabu kila mara: 32, 16, 8, 4, kwa kukaribia. Akishazoea, mwambie atoke nje. Tikisa mara kadhaa peke yako, kisha mwite, mwonyeshe sarafu zilizobaki na zilizoondolewa: 8 huku, 24 kule. Nimetikisa mara ngapi? Akijibu mara mbili, amefanya kwa sarafu kile wanasayansi wanachofanya kwa mawe.

Ndani ya majivu ya volkano kuna fuwele ndogo ziitwazo zirkoni, zenye chembe za urani. Urani hugeuka madini ya risasi kwa kasi isiyobadilika. Aina moja yake huchukua takriban miaka bilioni 4.5 kufikia nusu. Mwanasayansi hupima urani iliyobaki na risasi iliyotokea, naye hupata idadi ya miaka tangu fuwele ile ilipoganda. Kwa kawaida mfupa wenyewe haupimwi. Hupimwa majivu yaliyo chini yake na yaliyo juu yake, na mfupa umri wake uko katikati, kama barua uliyoikuta kati ya magazeti mawili yenye tarehe.

Pengine mtoto mkubwa amesikia habari za kupima umri kwa kaboni. Kaboni ile hufikia nusu kwa takriban miaka 5,730 tu. Kwa dinosaria wa mwisho ingekuwa kama kutikisa kopo zaidi ya mara 11,000. Hakuna sarafu itakayobaki ya kuhesabu.

Hatua ya sita: kuku

Nyanya alikuwa akimchuna kuku wa pilau nilipoomba miguu yake. Tuliiosha, tukaikandamiza kwenye udongo laini wa mfinyanzi: vidole vitatu mbele, kucha zimechoma mbele ya kila kimoja. Weka alama hiyo kando ya picha ya unyayo wa dinosaria mla nyama. Zinafanana mno, hata Edward Hitchcock, aliyechunguza nyayo za mawe huko Massachusetts, Marekani, mwaka 1836 aliandika kwamba ni za ndege wakubwa wa kale. Hakuwa mbali na ukweli.

Baada ya chakula, kusanya mifupa. Vunja mmoja wa bawa: mna uwazi ndani. Tafuta ule mfupa wa mbele ya kidari wenye umbo la herufi V. Tyrannosaurus naye alikuwa nao. Hesabu vidole vilivyojificha kwenye ncha ya bawa, ni vitatu. Tazama magamba ya miguuni. Mwaka 1861 Ujerumani walitangaza kisukuku cha Archaeopteryx, mwenye manyoya ya ndege, meno, na mkia mrefu wa mifupa. Mwaka 1996 China wakamtangaza Sinosauropteryx, dinosaria mdogo aliyefunikwa manyoya membamba. Leo wanasayansi huwahesabu ndege kuwa ni tawi la dinosaria lililosalia. Nyanya alimtazama yule mtoto, akatazama sahani, akasema, "Kumbe nimewalisha dinosaria miaka yote hii."

Hatua ya saba: kisa cha Tendaguru

Fungueni ramani, mshuke na pwani kutoka Mombasa, mpite Tanga na Dar es Salaam, hadi Lindi. Ndani kidogo kuna kilima kiitwacho Tendaguru. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani, Bernhard Sattler, aliona huko mfupa mkubwa ukichomoza ardhini. Kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin yalichimba hapo. Majina ya Wajerumani waliosimamia, Werner Janensch na Edwin Hennig, yako vitabuni. Lakini waliochimba, waliosafisha na waliobeba walikuwa mamia ya watu wa kusini mwa Tanganyika, na msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani, fundi hodari wa kuandaa mifupa. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilibebwa na wapagazi kwa siku kadhaa za njia hadi Lindi, kila mfupa umefungwa na kutiwa namba, kisha zikapakiwa melini.

Simama hapo kwenye namba. Kila kipande kiliandikwa kilitoka shimo gani, tabaka lipi. Ndicho alichofanya mtoto wako nyuma ya plasta yake.

Kutokana na mifupa hiyo kilisimamishwa Berlin, mwaka 1937, kiunzi cha Giraffatitan, ambacho leo kina urefu wa kwenda juu wa mita 13.27, jengo la ghorofa nne. Mwambie mtoto ukweli wote: mifupa hiyo haikutoka kwa mnyama mmoja tu, walijazia pengo la mmoja kwa mfupa wa mwingine wa aina yake. Huko huko walipatikana Kentrosaurus mwenye miiba mgongoni, na mwingine aliyepewa jina mwaka 2007, Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti. Kati ya tabaka za dinosaria za Tendaguru mna tabaka za bahari zenye makombe na amonaiti wa zama za Jurasi, zama zile zile za wenzao wa Changamwe.

Binafsi nasikitika kwamba mtoto wa Lindi au Mombasa lazima apande ndege ili aione mifupa hiyo. Mwambie na hilo.

Hatua ya nane: walipokosea

Usimfiche mtoto makosa. Bila hayo atadhani wanasayansi walikisia na bahati ikawaangukia.

Mwaka 1923, jangwani Gobi, Mongolia, walimpata dinosaria amelala juu ya kiota cha mayai. Wakadhani mayai ni ya dinosaria mwingine na kwamba huyu alikufa akiiba. Wakampa jina Oviraptor, maana yake mwizi wa mayai. Alibeba aibu hiyo miaka 70. Mwaka 1993, ndani ya yai la namna ile ile, walikuta kijusi cha jamaa wa Oviraptor mwenyewe. Kisha wakapatikana wenzake waliokufa wameketi juu ya viota, mikono imeyafunika mayai. Alikuwa mzazi aliyekataa kuondoka. Jina halikubadilishwa, kwa kanuni za utoaji majina, lakini kesi ilibadilika kabisa.

Mpwa wangu alikasirika kweli kweli. "Walimsingizia!" Tukaigiza kesi: yeye wakili, mimi hakimu, mto wa kitanda ndiye mshtakiwa. Nikamtaka ushahidi. Akataja yai, akataja kijusi, akataja mikono.

Hatua ya tisa: kamba ya miaka

Rudini pwani, maji yakiwa yamekupwa tena. Hatua moja ndefu ya mtu mzima ni kama mita moja, nayo iwe miaka milioni moja. Piga kigingi: leo. Fort Jesus haifiki hata nusu milimita kutoka hapo. Matumbawe yaliyo chini yake yako kama kidole kirefu, sentimita kumi au zaidi kidogo. Binadamu wa kwanza wa namna yetu, sentimita 30. Nyayo za Laetoli, Tanzania, za viumbe wa kale wa jamii ya binadamu, zilizochunguzwa na Mary Leakey, ni mita tatu na nusu hivi. Sasa tembeeni. Hatua 66, dinosaria wa mwisho. Hatua 150, Tendaguru. Hatua 243, Nyasasaurus, ambaye mifupa yake ilichimbwa kusini mwa Tanzania miaka ya 1930 na kutangazwa mwishoni mwa 2012. Huenda ndiye dinosaria wa kale kuliko wote wanaojulikana, au ni jamaa wa karibu. Mkifika hapo geukeni mtafute kigingi. Hakitaonekana kwa urahisi.

Maswali yatakayokuja

Walikufaje? Mwaka 1980 Luis Alvarez na mwanawe Walter walieleza kwamba kuna tabaka jembamba la udongo, lenye umri wa miaka milioni 66, lililojaa iridiamu, madini adimu ardhini lakini mengi katika mawe ya angani. Wakasema jiwe kubwa la angani liliigonga dunia. Baadaye shimo lake lilitambuliwa Chicxulub, Mexico, upana wake kama kilomita 180. Chini ya tabaka hilo mna mifupa ya dinosaria. Juu yake wamebaki ndege tu.

Walikuwa na rangi gani? Wengi hatujui, na rangi za vitabuni ni za mchoraji. Lakini manyoya ya Sinosauropteryx yalipotazamwa kwa hadubini kali, mwaka 2010, vilionekana vifuko vya rangi: mkia wake ulikuwa na mistari ya wekundu wa hudhurungi na weupe.

Nikiokota kisukuku je? Kiache kilipo. Weka sarafu kando yake ili ukubwa uonekane, piga picha, andika mahali, kisha toa taarifa kwa Makumbusho ya Taifa. Mombasa wako Fort Jesus. Visukuku vinalindwa na sheria ya turathi ya mwaka 2006, kukichukua au kukiuza ni kosa.

Ile plasta ya unyayo wangu iko barazani kwa nyanya hadi leo. Nyuma yake pana mahali na tarehe, kama nilivyoagiza. Juzi niliona mstari wa tatu, kwa penseli: "Mjomba alikuwa amechoka." Nyanya akamuuliza, wajuaje? Mtoto akaigeuza plasta, akaweka kidole kwenye kisigino, pale mchanga ulipoburutwa.